Mtoto yuko wodini, maziwa yasikauke: maswali ya kina mama wa Mombasa kuhusu kukamua

Mtoto akizaliwa kabla ya siku zake, au akizaliwa mgonjwa, mara nyingi hana nguvu za kunyonya. Hulishwa kwa mpira mwembamba au kwa kikombe, na mama hutakiwa akamue. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa sana na kina mama ambao watoto wao wamelazwa Coast General, ile hospitali ambayo wengi bado wanaiita Makadara, na hospitali nyingine za hapa mjini. Jibu kubwa nalitanguliza: maziwa huja kwa kutolewa. Mengine yote yanafuata hapo.

Nimejifungua kwa upasuaji jana, mtoto amechukuliwa. Nianze lini kukamua?

Sasa hivi. Inapowezekana, mama huanza ndani ya saa moja baada ya kujifungua, na ni vizuri saa sita zisipite. Kama zimeshapita, anza hivyo hivyo ulivyo, hata ukiwa umelala ubavu kwa maumivu ya mshono.

Siku mbili tatu za mwanzo tumia mkono. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, ni mazito na machache, na ukitumia pampu mengi hubaki yamegandia kwenye mashine. Nawa mikono, papasa titi taratibu, kisha weka kidole gumba juu na vidole viwili chini, kama sentimita mbili na nusu kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usiburute vidole juu ya ngozi wala usivute chuchu. Chuchu haina maziwa, maziwa yako nyuma yake. Matone yakikoma, zungusha mkono upande mwingine wa titi, kisha hamia titi la pili. Kinga kwa kijiko safi au bomba la sindano lisilo na sindano.

Natoa matone tu. Nesi amenipa kikombe na mimi sifuniki hata kitako chake.

Siku ya kwanza hata kijiko kimoja cha chai kwa mara moja ni kingi. Matone hayo yana kinga ambayo mtoto mdogo anaihitaji kuliko kitu chochote, kwa hiyo usiyamwage kwa kuona haya, mpelekee nesi. Maziwa mengi huanza kuingia kati ya siku ya pili na ya nne. Aliyefanyiwa upasuaji, aliyetokwa na damu nyingi au mwenye kisukari anaweza kungoja zaidi kidogo. Tunachokitazamia ni kwamba kufikia mwisho wa wiki ya pili, mama atoe zaidi ya mililita 500 kwa saa 24.

Nikamue mara ngapi? Usiku nao?

Mara nane au zaidi kwa saa 24, na usiku umo ndani. Hapa ndipo wengi hupoteza maziwa bila kujua. Mama hupumzika ili titi lijae, akidhani atapata mengi kwa mpigo. Titi si mtungi wa kungojea ujae ndipo umimine. Likikaa limejaa, mwili huelewa kwamba maziwa hayatakiwi, ukapunguza kuyatengeneza. Likitolewa, hutengeneza mengine, na kwa kasi. Homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, ndiyo maana mkamuo mmoja wa usiku wa manane ni wa thamani.

Kwa saa zetu ni rahisi kukumbuka: 12, 3, 6 na 9 za mchana, kisha 12, 3, 6 na 9 za usiku. Hizo ni nane. Ukizidiwa na usingizi, kamua saa 4 usiku, halafu saa 9, kisha fidia mkamuo mmoja mchana. Lakini usivushe muda wa saa tano bila kukamua katika wiki hizi za mwanzo.

Pampu inaniuma, na maziwa hayatoki vizuri.

Kuumia ni dalili kwamba kuna kitu hakikukaa sawa. Tazama kile kikombe chenye umbo la faneli: chuchu iingie na kutoka bila kusugua kuta, na lile eneo jeusi lisivutwe ndani sana. Kikombe kikibana au kikipwaya, tafuta saizi nyingine. Usipandishe nguvu ya kuvuta kwa kudhani itatoa zaidi; weka ile unayoistahimili. Kamua dakika 15 hadi 20, huku mkono ukikanda na kulibana titi taratibu wakati pampu inavuta, kisha malizia kwa mkono. Wanaofanya hivyo hupata maziwa mengi kuliko wanaoiachia mashine peke yake.

Pampu ya nyumbani usiazime wala usiazimishe. Vipande vinavyogusa maziwa vioshwe kila mara kwa maji moto na sabuni, kwenye beseni lake peke yake, na mara moja kwa siku vichemshwe dakika tano. Kama mtaani kwenu mnanunua maji ya mkokoteni, hilo la kuchemsha usiliruke.

Wiki ya tatu maziwa yamepungua ghafla. Nimefanya nini?

Kwanza hesabu mikamuo yako ya jana. Safari za hospitali, foleni ya feri na wageni hula mikamuo miwili mitatu bila mtu kuona. Kisha kagua zile vali ndogo za mpira kwenye pampu. Zikilegea au zikipasuka, uvutaji hufa. Halafu fikiria dawa: vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na baadhi ya dawa za mafua za kuzibua pua hupunguza maziwa. Sigara pia. Muguka na miraa achana nazo kabisa, kwa sababu kilevi chake humfikia mtoto kupitia maziwa.

Omba wodini umbebe mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kisha kamua mara tu ukimrudisha. Kama hujaruhusiwa, chukua kitambaa alicholalia ukinuse ukiwa unakamua. Maziwa hushuka kwa hisia, na maumivu na hofu huyazuia yasitoke. Unaweza pia kutenga saa moja kwa siku: kamua dakika 20, pumzika 10, kamua 10, pumzika 10, kamua 10.

Mavyaa ananipikia uji wa uwatu na supu ya pweza. Vinasaidia?

Kula, na umshukuru. Mzazi anahitaji chakula na vinywaji vya kutosha, na uji wa pilipili manga umewatia nguvu wazazi wengi wa pwani. Ila ushahidi kwamba uwatu huongeza maziwa ni mdogo, na mwenye kisukari au anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Hakuna uji unaoziba pengo la mkamuo ulioachwa. Kwa maoni yangu, msaada mkubwa ndani ya arubaini ni mtu mwingine kuosha na kuchemsha vyombo vya pampu, ili mzazi arudi kulala.

Naishi Likoni. Maziwa yatafika salama na joto hili?

Yatafika. Maziwa hukaa saa nne nje ya friji pale joto lisipozidi nyuzi 25, na nyumba zetu mwezi wa Februari na Machi huvuka hapo kwa mbali. Kwa hiyo yatie kwenye friji mara tu ukimaliza, kule nyuma, si mlangoni. Hukaa hadi siku nne. Kwa mtoto aliyelazwa, fuata masharti ya wodi, ambayo huwa makali zaidi. Kwa safari, tia chupa za maziwa ndani ya kibaridi, lile sanduku la kutunza baridi, ukizizungushia chupa za nusu lita za maji yaliyoganda. Andika jina lako, tarehe na saa. Yaliyoyeyuka yasigandishwe tena.

Dada yangu ananyonyesha. Anaweza kumkamulia mwanangu?

Usifanye kimyakimya. Virusi vya Ukimwi na baadhi ya maradhi mengine hupita kwenye maziwa, kwa hiyo zungumza na wodi kwanza, na yeye apimwe. Kwa familia za Kiislamu kuna pia suala la undugu wa kunyonya, ambao una hukumu zake katika ndoa. Muulizeni mwanachuoni mapema, wala isiwe siri.

Ramadhani je?

Mama anayenyonyesha ana ruhusa ya kula akihofia afya yake au ya mtoto. Unayekamua kwa ajili ya mtoto aliyelazwa, itumie.

Ni lini nirudi hospitali kwa ajili yangu mwenyewe?

Ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, titi likiwa na sehemu nyekundu, ya moto na yenye maumivu, nenda siku hiyo hiyo. Nenda pia kama siku tano zimepita bila maziwa kuingia, hasa ikiwa damu inaendelea kutoka kwa wingi, kwani kipande cha kondo la nyuma kilichobaki tumboni huzuia maziwa. Ukiwa na homa, usiache kukamua. Endelea kwa ratiba yako ya kawaida, bila kulikanda titi kwa nguvu, na uliwekee kitambaa cha baridi. Mwambie daktari kwamba unamkamulia mtoto mchanga, ili akuchagulie dawa ambayo haitakulazimu kuyamwaga.