TB: mwezi wa pili ndo unawaponza watu

Mgonjwa wa TB wa siku ya kwanza hatusumbui kabisa. Anakuja kakonda, anakohoa, usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa, ukimwambia ameze vidonge vitatu au vinne kila siku kutegemea na kilo zake anakubali, ukimwambia miezi sita anakubali. Shida inaanza wiki ya sita ya saba hivi, kikohozi kimekata, ugali unapanda, mashavu yamerudi, mtaani wanamwambia siku hizi umependeza, basi anaanza kujiuliza hivi vidonge vyote hivi namezea nini wakati nimeshapona. Hapo ndo tunampoteza.

Ngoja nieleze miezi sita imetoka wapi, maana sisi wahudumu tuna tabia ya kumwambia mtu "maliza dozi" halafu basi, kama vile unamwambia mtoto amalize uji. Mdudu wa TB ni mvivu. Kuna bakteria wa tumboni anajigawa kila baada ya dakika 20, huyu wa TB anahitaji kama saa 20, na wengine wanalala kabisa ndani ya mapafu hawajigawi wala nini. Sasa dawa nyingi zinampata vizuri mdudu aliye macho. Miezi miwili ya kwanza unameza dawa nne kwa pamoja, zinafyeka lile kundi kubwa lililoamka, ndo maana unajisikia mzima. Miezi minne inayofuata zinabaki mbili, rifampisini na isoniazidi, kazi yake ni kuwasubiri wale waliolala kila mmoja akiamka anakutana nazo. Ukiacha mwezi wa pili umewaachia hao, na baada ya miezi kadhaa kikohozi kinarudi, halafu mtu anasema amerogwa.

Kurudi kwa ugonjwa ni nusu tu ya tatizo. Pafu lililotoboka linaweza kubeba wadudu mamilioni kwa mamilioni, na kwenye kila milioni moja hivi kuna mmoja aliyezaliwa tayari hasikii isoniazidi, yaani haimuui, hata kabla hujameza chochote. Ndo sababu hatutoi dawa moja. Miaka ya 1940 streptomaisini ilipotoka watu walipewa peke yake, wakapata nafuu miezi ya mwanzo, halafu wengi wakaanza kudorora tena na wadudu wao wakawa hawaisikii dawa, madaktari wakajifunza kuchanganya. Sasa wewe unayemeza leo unaruka siku tatu, au unameza viwili badala ya vinne ili vingine umgawie ndugu yako naye anakohoa (jamani hii ipo na inafanywa kwa upendo kabisa), unawapa wale sugu nafasi ya kuzaliana wakati wenzao wamekufa.

Wadudu wakigoma kwa zile dawa mbili, rifampisini na isoniazidi, hiyo tunaita TB sugu. Na ukikohoa ukiwa nayo unamwambukiza mtu hiyo hiyo sugu moja kwa moja, unaweza kukuta mtoto wa miaka mitatu nyumbani kaanza nayo na hajawahi kuruka hata kidonge kimoja maishani mwake. Hapa Tanzania matibabu yake yalianza 2009 pale hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, na zamani ilikuwa miezi 20 na zaidi, sindano kila siku kwa miezi, wengine walipona wakabaki masikio hayasikii vizuri. Siku hizi kuna vidonge vya miezi sita kwa wagonjwa wengi, sindano hamna, ila bado dawa ni kali, damu inapimwa, moyo unapimwa, mishipa ya fahamu miguuni inaweza kuharibika.

Sipendi wagonjwa wakiitwa wakaidi. Dawa ni bure lakini nauli siyo bure. Mchimbaji wa Mererani akisikia machimbo mengine yametema mawe anahama usiku huo huo, kadi ya kliniki inabaki chini ya godoro. Mwingine kaona mkojo una rangi kama Fanta ya machungwa akajua figo zimeisha, kumbe ni rifampisini tu na hakuna aliyemwambia. Mkojo huo usikutishe. Macho yakiwa ya njano, ukianza kuona ukungu, ukitapika kila unachokula, hapo njoo siku hiyo hiyo. Miguu ikiwaka moto sema, kuna vitamini B6. Na akina mama mnaotumia vidonge vya uzazi wa mpango mtuambie, rifampisini inavipunguza nguvu.

Kama unasafiri sema mapema, utapewa barua ya rufaa uendelee kituo kingine. Na wewe uliyeacha tangu mwezi juzi usianze kumeza vile vilivyobaki kabatini, njoo navyo pamoja na kadi, tutapima makohozi kwanza kuona kama wadudu bado wanasikia dawa ndo tujue pa kuanzia. Nesi anaweza kukusema kidogo, mvumilie, halafu mpe hicho kikopo cha makohozi.