Simama ng'ambo ya barabara uangalie floo ya chini ya ploti yenu

Watu wengi hapa Nairobi wakisikia tetemeko wanafikiria Uturuki ama Japani, hawafikirii Umoja wala Pipeline. Lakini wale walikuwa town Julai 2007 wanakumbuka vile ardhi ilitikisika siku kadhaa, watu wakashuka ngazi mbio na wengine wakakataa kabisa kurudi ofisini, na chanzo kilikuwa mbali, kaskazini mwa Tanzania karibu na Ol Doinyo Lengai, na kubwa kuliko yote ilikuwa ya ukubwa wa 5.9 tu. Ile kubwa yetu ilipiga Subukia tarehe 6 Januari 1928, ukubwa wa 6.9, na wakati huo Nairobi haikuwa na maflati ya floo saba. Bonde la Ufa bado liko hapo nyuma ya Ngong.

Swali naulizwa sana tukienda baraza za mtaa ni "injinia, hii nyumba itasimama?" Hakuna mtu anaweza kukujibu hilo kwa kuangalia tu, ila kwa kuangalia tu tunaweza kujua ni gani zinafaa kupimwa kwanza, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kazi yetu: tunatembea mtaani na fomu, tunasimama nje, hatubomoi kitu, jengo moja linachukua dakika 15 hadi 30. Wamarekani waliiandika njia hii kama mwongozo mwaka wa 1988. Jengo linapewa maksi kulingana na vile limejengwa, halafu tunapunguza kwa kila kasoro tunayoona, likishuka chini ya kiwango linaenda hatua ya pili, pale sasa tunaingia ndani, tunaitisha ramani, tunapima konkriti na kutafuta vyuma viko wapi.

Kasoro inayoninyima usingizi ni floo ya chini. Angalia ploti nyingi za Eastlands: chini ni maduka ama parking, hakuna ukuta, ni nguzo na milango ya mabati tu, halafu kuanzia floo ya kwanza kwenda juu kila chumba kina kuta za mawe, na hiyo floo ya kwanza imetokeza mpaka juu ya barabara ili landilodi apate vyumba zaidi. Ardhi ikitikisika kule juu kunaenda pamoja kama sanduku moja gumu, kwa hivyo kupinda kote kunaangukia zile nguzo za chini. Uturuki Februari 2023 maghorofa mengi yalikalia floo yake ya chini hivyo hivyo. Sasa ongeza matangi ya maji ya lita 10,000 pale juu, kila moja likijaa ni tani 10, ongeza floo mbili ambazo hazikuwa kwa ramani, na msingi uliowekwa juu ya ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha badala ya kuchimbwa mpaka kwa mwamba.

Kuna kitu kingine huwezi kukiona nyumba ikishaisha, nacho ni ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozunguka na kufunga vyuma virefu vya nguzo. Kwa sait moja nilipata kijana anakunja ringi za nguzo vizuri sana, mikono myepesi, lakini ncha zote amezikunja digrii 90 na anazifunga futi moja moja kutoka chini hadi juu. Nikachuchumaa naye nikamwonyesha: nguzo ikitikiswa konkriti ya nje inabanduka, ringi ya 90 inafunguka, vile vyuma virefu vinatokeza nje na nguzo inasagika. Ukiikunja 135 ncha inaingia ndani kabisa ya konkriti, haiachi, na karibu na slabu juu na chini unazikaribisha ziwe nyingi. Akaniuliza mbona hakuna mtu amewahi kumwambia. Swali hilo ni letu sisi mainjinia, si lake.

Na tusisahau Huruma, Aprili 2016, jengo lilianguka usiku wa mvua kubwa bila tetemeko lolote na zaidi ya watu 45 wakafa, na lilikuwa limeshatajwa kwamba si salama. Ndiyo maana naona alama ya X inayochorwa kwa jengo lisilo salama peke yake haitoshi, mpangaji hana deposit ya kuhamia kwingine atabaki tu. Majengo mengi yanaweza kusaidiwa kabla ya kubomolewa, kwa kuongeza kuta za konkriti floo ya chini ama kuvisha nguzo koti la vyuma na konkriti mpya, ni gharama lakini inafanyika.

Kama unaishi kwa flati anza na nyufa. Ufa mwembamba kama unywele kwa plasta usikutishe sana. Ufa unaokata nguzo kimshazari, ama pale nguzo inakutana na boriti, ama mahali konkriti imebanduka ukaona chuma chenye kutu, huo upige picha, weka alama ya penseli pale unaishia na uandike tarehe. Ufa ukipita hiyo alama usingoje mwezi uishe, mwambie keateka na upeleke hizo picha kwa ofisi ya kaunti, na kama landilodi ameshatuma mtu wa rangi, piga picha kabla hajafika.