Reli ya milimita 16.5 si sahihi kwa kila treni ya modeli

Wengi wanaojenga treni za modeli huamini kwamba gurudumu likikaa vizuri juu ya reli, basi vipimo viko sawa. Sivyo.

Chukua modeli za Uingereza za OO. Vichwa vya treni na mabehewa yake yamepunguzwa mara 76, lakini njia yake ina upana wa milimita 16.5 kati ya reli mbili, ambao ni wa modeli za H0 zilizopunguzwa mara 87. Zidisha 16.5 kwa 87 upate milimita 1435, upana halisi wa reli ya Uingereza. Zidisha kwa 76 upate takriban 1254: njia imebanwa kwa sentimita 18! Chanzo ni injini za umeme za zamani, ambazo hazikuenea ndani ya vichwa vyembamba vya Kiingereza. Watengenezaji wakakuza bodi, njia wakaiacha.

Wanaotaka usahihi kamili hutandika njia ya milimita 18.83, kazi ngumu inayodai kubadilisha magurudumu. Kwangu, macho hukerwa zaidi na mataruma (vipande vinavyolazwa chini ya reli) mafupi yaliyosongamana, na reli nene. Reli ya kodi 100 (kodi ni kimo cha reli kwa sehemu za elfu za inchi) ina kimo cha milimita 2.5, sawa na sentimita 19 kwenye uhalisia. Ile ya kodi 75 hutoa karibu sentimita 14.5, kama reli kuukuu za huko. Anza na hiyo, yenye mataruma yaliyopimwa kwa OO.

Na anayeunda reli ya zamani ya Mombasa–Nairobi, ya upana wa mita moja, kwa kipimo cha 87? Atafute njia ya milimita 12.