Mtu mwenye akili zake anafikaje Shakahola? Maswali na majibu kuhusu itikadi kali

Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, si mbali na Malindi. Ilifukuliwa zaidi ya miili 400, wakiwemo watoto wengi. Mhubiri Paul Mackenzie anashtakiwa kwamba aliwashawishi wafuasi wake wafunge kula mpaka wafe ili wakamwone Yesu. Yeye amekana mashtaka. Mwaka 2025 miili mingine ikafukuliwa Kwa Binzaro, upande huohuo wa Malindi. Maswali haya huulizwa sana na jamaa za watu, kliniki na hata msibani.

Daktari, hawa watu walikuwa wagonjwa wa akili?

Wengi wao, hapana. Mgonjwa wa skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, anayeamini kwamba redio inamtaja jina lake huwa peke yake katika imani hiyo. Hata waumini wenzake humshangaa. Mfuasi wa kundi imani yake kafundishwa, anaishika pamoja na wenzake, na mengine yote anayafanya sawasawa: anapika, anahesabu chenji, anakumbuka nani anamdai. Kila la kutisha tukiliita wazimu tunawaonea wagonjwa wa akili, ambao wengi wao hawajamdhuru mtu.

Hata hivyo afya ya akili haiko mbali na jambo hili. Msiba, talaka, kuachishwa kazi au sonona (huzuni nzito isiyoisha) isiyotibiwa humfanya mtu awe mwepesi kufikiwa. Na anayesikia sauti zinazomwamuru ajidhuru au amdhuru mwingine apelekwe hospitali leo, asisubiri Jumatatu.

Basi ni kutosoma?

Hapana. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya kanisa lao. Miongoni mwa viongozi wa kundi hilo alikuwemo padri aliyesomea hadi Marekani. Elimu humsaidia mtu kupima habari, lakini pia humsaidia kujijengea hoja nzuri za kutetea alichokwisha kukiamua moyoni.

Inaanzaje?

Kwa wema, mara nyingi. Umehamia mji usio na ndugu, mtoto anaugua, na wanaokuja kukaa nawe wodini ni watu wa ibada fulani. Wanakuletea uji, wanakuchangia nauli, wanakuita kwa jina. Hapo hakuna itikadi yoyote kali, na ndiyo maana mtu hashtuki.

Kisha huja maombi madogo, kila moja likipita lililotangulia kidogo tu. Tazama jinsi mambo yalivyokwenda kwa Mackenzie. Kabla ya msitu kulikuwa na kanisa mjini Malindi. Mahubiri yakaanza kuishambulia shule, na mwaka 2017 alikamatwa kwa habari ya watoto waliotolewa darasani. Hospitali nazo zikasemwa. Serikali ilipoandikisha watu kwa Huduma Namba, namba ya utambulisho ya kila mtu, mwaka 2019, wafuasi wakaambiwa hiyo ni alama ya mnyama, yaani alama ya shetani inayotajwa katika Biblia. Mwaka huohuo kanisa likafungwa, na waumini wakaanza kununua viwanja vidogo ndani ya msitu. Vijiji vyao wakavipa majina ya Biblia, kama Bethlehemu na Yudea.

Mimi naamini jambo lenyewe liko hapa, kuliko kwenye mafundisho. Mtoto aliyetolewa shuleni hana mwalimu wa kuuliza mbona hukuja jana. Mama aliyeacha kliniki hamkuti muuguzi anayempima mwanawe na kuona uzito umeshuka. Aliyeuza ng'ombe na kiwanja hana tena pa kurudi, na aliyeacha kazi hana wa kumpigia simu akichelewa. Kila hatua ilimwondoa mtu mmoja ambaye angeuliza. Agizo la kutokula lilipokuja, waliobaki kando ya mtu ni wale tu walioamini kama yeye.

Na kuna la mwisho linalouma zaidi. Mtu akishatoa mali yake yote, akamzika na mwanawe, kukiri kwamba mafundisho yalikuwa ya uongo ni kukiri kwamba mtoto amekufa bure. Wachache sana kati yetu wangeweza kubeba hilo. Ni rahisi zaidi kuamini kwa nguvu mpya.

Lakini macho si yanaona? Mtu anakataaje anachokiona?

Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch alifanya jaribio dogo huko Marekani. Watu wanaoketi pamoja wanaonyeshwa mstari mmoja, kisha mistari mingine mitatu, na wanatakiwa waseme upi unalingana nao. Jibu liko wazi hata kwa mtoto. Lakini wote waliomo chumbani, isipokuwa mmoja, wameagizwa wataje jibu lisilo sahihi, tena kwa sauti. Katika wale waliokuwa hawajui siri hiyo, takriban robo tatu walikubaliana na kundi angalau mara moja. Mistari tu hiyo, bila jehanamu, bila mama mkwe aliyekukazia macho.

Sehemu ninayoipenda ni ile ambayo watu huisahau. Asch alipomweka mtu mmoja tu wa kutoa jibu sahihi, kufuata mkumbo kulipungua sana. Mmoja alitosha. Ndiyo maana viongozi wa makundi haya huwaogopa wenye maswali kuliko wanavyowaogopa polisi, na anayeuliza huitwa Yuda mapema.

Mwingine, Henri Tajfel wa Bristol, Uingereza, aliwagawa wavulana wa shule kwa jambo la kipuuzi: eti huyu anapenda picha za mchoraji huyu na yule anapenda za mwingine. Walipopewa nafasi ya kugawa fedha, wengi walichagua kuliacha mbali kundi la pili, hata pale ambapo kundi lao lenyewe lingepata kidogo zaidi kwa njia nyingine. Walikuwa hawajajuana kwa ubaya wowote.

Njaa yenyewe inabadilisha akili?

Ndiyo, na sana. Mwaka 1944 hadi 1945, chuo kikuu cha Minnesota kiliwalisha wanaume 36 waliojitolea chakula pungufu kwa takriban miezi sita ili kujua namna ya kuwasaidia wahanga wa njaa ya vita. Walikuwa vijana wenye afya, na hakuna aliyewahubiria chochote. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Wakawa na hasira za ghafla, wakajitenga, wakakosa hamu ya chochote isipokuwa kuwaza chakula. Waliona wenyewe kwamba kufikiri kumekuwa kazi nzito.

Kwa hiyo anayesema "walichagua wenyewe" afikirie ni mtu yupi anayechagua siku ya ishirini. Aliyeingia msituni na akili timamu si yule aliyelala mkekani wiki tatu baadaye. Ongeza mikesha ya kila usiku, kwani kukosa usingizi nako huvuruga uamuzi. Tena uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba baadhi ya waliokufa, wakiwemo watoto, hawakufa kwa njaa bali kwa kunyongwa au kuzibwa pumzi. Mtoto hachagui kitu.

Mbona unasema dini tu?

Kwa sababu ndilo ninaloulizwa. Siasa na ukabila hufanya kazi ileile. Rwanda mwaka 1994 redio ya RTLM iliwaita Watutsi mende, asubuhi na jioni, na majirani wakawaua majirani. Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, waliuawa zaidi ya watu 1,100. Ushabiki wa kawaida si ugonjwa: mume wa Simba na mke wa Yanga wanatukanana Jumamosi na wanalala chumba kimoja. Wasiwasi uanze mmoja anapozuiwa kumsalimu mwenzake.

Dada yetu mkubwa amejiunga na kundi. Anafunga siku nyingi, ameacha kumpeleka mtoto chanjo. Tumwambie nini?

Kwanza pima hiyo funga. Ramadhani ina magharibi yake na mwezi wake; Kwaresima ina Pasaka yake; na wagonjwa, wajawazito na watoto wadogo hupewa ruhusa. Funga isiyo na siku ya kuisha, au inayomlazimu mtoto mchanga, si ibada ya kawaida. Dalili nyingine ni kuuza mali kwa haraka, kukatazwa kuzungumza na ndugu, kuchoma vyeti au kitambulisho, na kuhamia mahali ambapo wageni hawaruhusiwi.

Usishindane naye kwa aya. Amefundishwa majibu, atakushinda, na akikushinda ataona amethibitishiwa. Kwa kuwa ni mkubwa wenu, wewe mdogo si wa kumkaripia pia. Mtafuteni shangazi au mjomba anayemsikiliza, aende bila msafara, akae, ale naye kama anakula, amuulize habari za mtoto. Maswali mafupi hufanya kazi kuliko hotuba: nani anakula huko na nani hali? Mtoto akipata homa usiku mnafanyaje? Ukitaka kuja nyumbani wiki moja, utaruhusiwa?

Msimtenge. Najua hasira mliyo nayo, hasa kama ameuza shamba la baba. Lakini "usirudi hapa" ndilo neno ambalo mhubiri wake anangoja mlitamke. Pigeni simu hata asipopokea, mtumieni salamu za Idi au Krismasi, mwambieni chumba chake kipo.

Upole huo una mpaka, na mpaka ni mtoto. Mtoto akikondeshwa, akinyimwa dawa au kufichwa, msisubiri kikao cha ukoo. Namba 116 ni simu ya kuripoti mambo ya watoto, Kenya na Tanzania pia, na haitozwi. Nendeni pia kwa chifu au mtendaji wa kata, na polisi. Kama ofisi ya kwanza ikiwapuuza, nendeni ya pili na mwandike tarehe. Shakahola walikuwepo jamaa waliopiga kelele mapema.

Walionusurika, je, wana kesi?

Juni 2023 manusura 65 waliokataa kula wakiwa kwenye kituo cha waliookolewa walifunguliwa mashtaka ya kujaribu kujiua. Kwa maoni yangu ilikuwa njia mbaya ya kushughulika na mgonjwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kinachofanya kujaribu kujiua kuwe jinai kinakiuka Katiba. Aliyeokolewa anahitaji lishe, ushauri nasaha wa muda mrefu, na watu wasiomcheka sokoni.

Akirudi amekonda sana, tumpe nini ale?

Hapa jamaa wengi hukosea kwa mapenzi. Mtu aliyekaa bila kula, au akila kidogo mno, kwa zaidi ya siku 5 yuko hatarini akishiba ghafla. Zikipita 10 hatari ni kubwa. Mwili umetumia akiba yake ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu. Ukimpa sahani ya wali, chai tamu na soda, homoni ya insulini inapanda na kuyavuta madini hayo kutoka kwenye damu. Moyo unaweza kupiga ovyo, pumzi ikakata, miguu ikavimba, akachanganyikiwa. Wafungwa waliokombolewa katika Vita Kuu ya Pili walikufa hivyo, wengine mikononi mwa askari waliowapa chakula kwa huruma.

Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama anatembea. Njiani mtu mzima mwenye fahamu apewe maji, funda kwa funda. Mtoto aliyedhoofu afunikwe apate joto, na kama anameza apewe vijiko vichache vya maji yenye sukari kidogo, maana sukari ya mwili wake huweza kuwa imeshuka. Hospitalini wataanza na vitamini B1 na chakula kidogo, wapime damu, kisha waongeze kiasi siku baada ya siku. Pale mapokezi mtajeni bila aibu alikotoka na siku alizokaa bila kula, kwani hesabu ya siku hizo ndiyo itakayoonyesha aanzishwe kiasi gani cha chakula.