Kadi ya mtandao ya kasi kubwa: maana yake na kebo zinazooana nayo

Kadi ya mtandao ni kifaa kinachopachikwa ndani ya seva (kompyuta inayohudumia nyingine) ili iweze kutuma na kupokea data kupitia swichi, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao mmoja. Huitwa ya kasi kubwa inapopita gigabiti 1 kwa sekunde, kiwango kilichozoeleka katika kompyuta za ofisini, na kufikia gigabiti 10, 25 au 100. Namba hiyo, hata hivyo, ni kikomo tu. Kadi ya gigabiti 100 ikiwekwa katika nafasi ya PCIe 3.0 (tundu la kadi ndani ya kompyuta) yenye njia 8 za data haitavuka takriban gigabiti 63, hata kebo iwe bora namna gani.

Upatanifu huanzia kwenye tundu la kadi, pale kebo inapochomekwa. Tundu la SFP+ ni la gigabiti 10, la SFP28 ni la gigabiti 25, na la QSFP28 ni la gigabiti 100. Mawili ya kwanza yana umbo moja, kwa hiyo kebo kuingia vizuri si uthibitisho kwamba mawasiliano yatapatikana. Zaidi ya hapo, baadhi ya swichi na kadi hukataa moduli (kipande kinachochomekwa tunduni ili kuunganisha kebo) isiyo na utambulisho wa mtengenezaji zinayemkubali; ndiyo maana mnunuzi anapaswa kutaja vifaa vya pande zote mbili kabla ya kulipa.

Seva na swichi zikiwa katika raki moja (kabati la kupachikia vifaa), kebo fupi ya shaba aina ya DAC, ambayo vichwa vyake vimeungwa nayo tangu kiwandani, hutosha na hutumia umeme kidogo sana. Kwa gigabiti 25 kwa kawaida huishia mita 3 hadi 5. Kebo ya Cat 6A, ya shaba iliyosokotwa, yenye kichwa cha RJ45 (kile cha kawaida cha kebo za mtandao) hubeba gigabiti 10 kwa mita 100, lakini vifaa vyake hutoa joto zaidi. Kwa Mbeya jambo hili si dogo. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na hewa nyepesi hupoza vifaa kwa shida zaidi. Miongozo ya ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa kupasha na kupoza hewa, kwa seva za daraja A2 (mojawapo ya madaraja yake ya vifaa) hupunguza kikomo cha joto la chumba kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 300 juu ya mita 900. Ubaridi wa Juni usimdanganye mtu aliyefunga seva zake katika chumba kidogo kisichopitisha hewa.

Kati ya jengo na jengo, kama ilivyo katika vyuo na hospitali zilizotawanyika kwenye miteremko ya Iringa na Mbeya, ninapendekeza faiba, kebo ya kioo inayobeba data kwa mwanga, pasipo kusita, kwa sababu kioo hakipitishi umeme wa radi kama shaba. Faiba ya OM3, aina ya modi nyingi (mwanga hupita kwa njia nyingi), hufika mita 300 kwa gigabiti 10, lakini kwa gigabiti 25 hushuka hadi mita 70. Faiba ya modi moja (mwanga hupita kwa njia moja tu), ikiwa na moduli za LR, yaani za masafa marefu, pande zote mbili, hufika kilomita 10 kwa kasi zote mbili. Kiini chake, sehemu ya katikati inayopitisha mwanga, kina upana wa takriban mikromita 9, kwa hiyo chembe moja ya vumbi la kiangazi inaweza kuziba mwanga: kofia ya plastiki ibaki kwenye ncha hadi wakati wa kuchomeka, na ncha isafishwe kwanza.