Kipindi cha vijana kifuate mwezi

Makanisa mengi ya Kigoma Ujiji hupanga kipindi cha vijana Jumapili alasiri, kisha wazee wa kanisa wanalalamika kwamba vijana wa kiume hawaonekani. Mimi naratibu kazi ya vijana kwenye makanisa ya ufukweni, na jibu langu halibadiliki: kijana wa mwaloni, pale ufukweni vyombo vya uvuvi vinapotia nanga, hafuati Jumapili, anafuata mwezi.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku. Taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanakusanyika kwenye mwanga, wavu unainuliwa. Mwezi ukipevuka ziwa lote linang'aa, dagaa wanatawanyika, na vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, vinakaa nchi kavu wiki moja hivi. Kwa hiyo kijana wa Kibirizi au Katonga ana maisha ya namna mbili. Wakati wa giza anaingia ziwani jioni na kurudi asubuhi. Jumapili saa nne, ibada ikiwa imepamba moto, yeye amelala au bado anahangaika na nyavu. Wakati wa mbalamwezi yupo mtaani, na mara nyingi ndipo amepiga mahesabu na tajiri wake. Ana hela mfukoni na hana pa kwenda.

Siku hizo ndizo ninazoziogopa. Kubeti siku hizi hakuhitaji hata kibanda, mkeka unatengenezwa kwenye simu. Kijana mmoja alinionyesha meseji zake za usiku mmoja tu: mia tano, elfu moja, elfu mbili, halafu mkopo wa simu, halafu elfu mbili nyingine. Si mlevi, si mhuni. Alikuwa anatafuta hela ya nyavu zake mwenyewe, aache kuvua kwenye kipe cha mtu. Ukimwambia kubeti ni dhambi ukaishia hapo, hujamgusa. Linalomnyima usingizi ni mtaji.

Ndiyo maana kipindi kikubwa cha vijana tunakiweka mbalamwezi, jioni, siku zilezile za mahesabu. Neno la Mungu linatangulia, na sitaki lipunguzwe hata kidogo. Baada ya Neno linatolewa sanduku la akiba, lenye kufuli tatu na watunza funguo watatu, vilevile wanavyofanya kina mama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa. Kila mmoja ananunua hisa mbele ya wenzake, na kiasi kinatajwa kwa sauti. Kijana akishasikika ameweka elfu ishirini, kesho yake wenzake hawamwachii aiombe irudi kwa ajili ya mechi.

Giza likirudi, tunawafuata mwaloni asubuhi, vipe vikishashusha mzigo. Huko hakuna mahubiri marefu. "Shikamoo mtumishi, leo tumekosa," wanasema, tunaomba nao tukiwa tumesimama, tunaulizana nani mgonjwa. Wasichana wanaoanika dagaa wanakuwepo pia, na wao wana mizigo yao mizito ambayo kipindi cha wavulana hakiibebi. Wanahitaji mlezi wa kike, si mimi. Kuna watu wanaona huduma ya kusimama mchangani haina heshima. Mimi nawaambia wasome Yohana 21: wavuvi wamekesha bila kupata kitu, na Bwana yupo ufukweni alfajiri, ameshawasha makaa, anawaita waje wale.

Pengo kubwa ni la wale walioishia darasa la saba. Mwanafunzi wa sekondari ana UKWATA au CASFETA, vyama vya wanafunzi Wakristo, ana walezi, ana mikutano ya Pasaka. Mwenzake aliyekwenda ziwani anabaki na kanisa la mtaa peke yake, tena kanisa lenye ratiba isiyomjua. Hili lilijionyesha wazi mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa ziwa zima kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Vijana walikuwa nchi kavu miezi mitatu, mchana na usiku. Muda tuliokuwa tukiulilia miaka yote ulipatikana, na makanisa mengi yaliendelea na kipindi cha Jumapili alasiri kama kawaida.

Wenzangu wa Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, huniuliza wafanye nini, maana kwao hakuna ziwa. Kwao kuna tumbaku. Waulizeni vijana malipo yanaingia lini baada ya masoko, na semina ya vijana iwekwe wiki hiyo, hata kama kalenda ya dayosisi imeiandika Desemba.