Piriton si adrenalini, jamani

Juzi tena. Mwalimu wa zamu kanipigia: "Sista, mtoto wa darasa la pili kala kashata ya mwenzake, midomo imevimba, anakohoa. Lakini usihofu, tumeshampa Piriton, tunamwangalia."

Hilo "usihofu" ndilo linalonipandisha presha. Mzio wake wa karanga umeandikwa kwa wino mwekundu, na adrenalini, dawa yake ya dharura, ilikuwa kabatini, hatua kumi tu.

Piriton inazuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho, basi. Inatuliza mwasho na mabaka, tena taratibu ikiwa ni kidonge. Koo lililovimba hailifungui, presha iliyoshuka haiipandishi. Kinachonikera hasa ni kwamba kazi yake ndogo inaifanya vizuri: mabaka yanafifia, mtoto anaacha kujikuna, walimu wanashusha pumzi, kumbe kifua kinazidi kubana. Mnaitazama ngozi kwa sababu ndiyo inayoonekana. Na wapo wasiotoka kipele hata kimoja. Wanaanza na kutapika, sauti kukwaruza, au mtoto mchangamfu ghafla analegea. Hao mnawapa nini, Piriton ya kutapika? Haidrokotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe, nayo inachukua masaa kufanya kazi, msiniletee.

Adrenalini kwanza. Pajani, katikati, upande wa nje, ndani ya msuli, hata juu ya sare. Kipimo ni mg 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Ampuli, yaani kichupa cha dawa, yenye mg 1 kwa ml 1, mtoto wa kilo 20 anapata ml 0.2. Mlaze, miguu juu. Akihema kwa shida, mkalishe. Asitembee kwenda kwenye bajaji, mbebeni. Dakika 5 zikipita bila nafuu, rudia. Kisha hospitali, hata kama anacheka, maana shambulio huweza kurudi baada ya masaa.

Jikoni nitapita haraka: ulizeni unga wa uji wa lishe umesagwa na nini, mwiko wa mchicha wa karanga usiguse sufuria nyingine, na mikono ioshwe kwa maji na sabuni. Sanitaiza haiondoi karanga.

Sasa ugumu wenyewe. Kalamu za adrenalini, zile sindano zenye dozi tayari ndani, ni ghali na kuzipata huku ni kazi, kwa hiyo tunabaki na ampuli na bomba la sindano. Kumwambia mwalimu wa hisabati avunje kichupa na kuvuta ml 0.2 huku mtoto anakoroma mbele yake ni kumwonea. Mimi mwenyewe mara ya kwanza mikono ilinitetemeka. Nimewahi kuvuta dozi mapema na kuihifadhi bombani, ila kwa joto la Dar siiamini sana. Na mabaka matupu, bila dalili nyingine, nichome au nisubiri? Kitabu kinachora mstari mnyoofu; mimi, mtoto akiwa amewahi kubanwa kifua, nachoma. Nikikosea, moyo utamdunda na atatetemeka kidogo, yatapita.

Yule wa juzi alichomwa mimi nikiwa kwenye simu, namhesabia mwalimu vijistari vya bomba kimoja kimoja. Jioni, wodini, mtoto kishaomba soda, mama yake akanivuta pembeni: "Sista, nyumbani nimwongezee Piriton?"